Maswali ya Wasomaji: Kutengeneza Makala ya Redio

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu utayarishaji wa makala za redio, yaani kile kipindi cha nusu saa hivi ambacho humfikisha msikilizaji mahali penyewe, kikamkutanisha na watu wa hapo na kulifuata jambo moja hadi ndani. Majina ya waulizaji tumeyahifadhi, tukataja miji yao tu, na barua ndefu tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii. Nimepewa nafasi ya kutayarisha makala ya dakika 25 kuhusu historia ya mkonge mkoani kwetu. Nimesoma sana na kuandika kurasa kumi na mbili, lakini kila nikizisoma kwa sauti najiona natoa mhadhara. Nianzie wapi? (Msomaji wa Tanga)

Jibu: Ziweke kando kurasa hizo, ila usizitupe, maana zitakusaidia kuuliza maswali yenye akili. Kasoro yake ni kwamba "historia ya mkonge" ni mada, na mada haina mwanzo wala mwisho. Utamtaja Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika miche 62 tu iliyo hai; utafuata na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali; utafika mwaka 1964, ambapo nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000; utaendelea na utaifishaji wa mashamba uliofuata Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha kamba za plastiki zilizouharibia mkonge soko. Yote hayo ni kweli, na yote yanasomeka vizuri zaidi kitabuni, kwa sababu msomaji wa kitabu aliyepotea hufunua ukurasa wa nyuma, ilhali msikilizaji wa redio aliyepotea huzima redio au huendelea na shughuli zake.

Badala ya mada, tafuta swali moja ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake. Chukua mfano wa mzee aliyefika shambani akiwa kijana kutoka Kigoma au Songea kwa mkataba, au mwanawe aliyezaliwa kambini, naye hadi leo anaishi palepale ijapokuwa kazi iliyomleta baba yake ilikwisha zamani. Kwa nini hawakurudi kwao? Ukiliuliza swali hilo kwa dhati, historia itaingia yenyewe, kila sehemu kwa wakati wake. Kadi ya kipande iliyomtaka mfanyakazi akamilishe siku 30 za kazi ndipo alipwe itaingia pale mzee anapoeleza kwa nini fedha ya nauli haikupatikana, na mwaka 1967 utaingia pale anapokumbuka siku walipoambiwa kwamba shamba limebadili mwenyewe. Katika dakika 25, mtu mmoja mkuu na wengine wawili au watatu wa kumzunguka wanatosha kabisa.

Ukishapata swali, igawe karatasi sehemu mbili. Kushoto andika kitakachosikika. Kulia andika kile ambacho msikilizaji atakifahamu kwa kukisikia. Ikiwa upande wa kushoto kumeandikwa "mahojiano na ofisa" mara tano na hakuna kingine, hiyo bado ni taarifa ya habari iliyorefushwa, na hapa niseme wazi kwamba makala nyingi zinazorushwa na vituo vyetu ziko hivyo: hotuba zilizokatwa vipande, zikaunganishwa kwa muziki.

Kwa bahati nzuri, mkonge una sauti. Nenda shambani asubuhi na umtafute mkataji. Yeye hulikata jani shinani, huuondoa mwiba wa nchani, kisha huyafunga majani 30 kuwa tita moja. Simama karibu na mikono yake urekodi tita zima, tangu jani la kwanza hadi fundo la mwisho, bila kusema neno, nawe utakuwa umepata tukio lenye mwanzo na mwisho ambalo halikuhitaji maelezo yako. Kisha nenda kwenye korona, ile mashine inayoyaponda majani na kuacha singa, yaani nyuzi za mkonge, uirekodi mara tatu: kwa mbali barabarani, ambako ni mvumo mtupu, mlangoni, halafu ndani, pale majani yanapoingia na maji yanapomwagika. Hapo ndipo mahali pa kumwambia msikilizaji kwamba katika kilo 100 za majani singa ni kama kilo 4 tu, kwa sababu wakati huohuo anayasikia makapi yakienda na maji, na takwimu hiyo inapata pa kukaa. Usifanye mahojiano humo ndani. Mashine iliyorekodiwa peke yake unaweza kuipandisha na kuishusha chini ya maneno ya mzee upendavyo, lakini ikishaganda na maneno yake, kuzitenganisha ni kazi ngumu na mara nyingi sauti ya mtu hubaki imenyauka.

Swali: Sina kinasa sauti wala studio. Nina simu ya kawaida tu. Je, naweza kutengeneza makala inayokubalika kituoni? (Msomaji wa Iringa)

Jibu: Unaweza, kwa masharti machache. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili za WAV, si zile zinazoibana sauti tangu mwanzo. Sauti ya njia moja ya ubora wa kilohezi 48 na biti 24 hula takriban megabaiti 520 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 itakubebea kama saa 60, nayo inatosha makala yoyote ya mwanzoni. Iweke simu katika hali ya ndege ili isiite wala isitoe mlio katikati ya ushahidi wa mtu. Ielekeze sehemu ya chini ya simu, penye kipaza sauti, kwa mzungumzaji, umbali wa shubiri moja kutoka kinywani na kwa pembeni kidogo ili pumzi ya herufi "p" na "b" isikipige moja kwa moja. Ukitazama kipimo cha sauti, acha vilele vifike karibu na desibeli -12 na visiguse sifuri kamwe, kwani sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Kubwa kuliko hayo yote ni hedifoni. Sikio lisilo na hedifoni limezoea kupuuza feni, friji, jenereta ya jirani na bodaboda. Kipaza sauti hakipuuzi chochote. Omba feni izimwe, friji ichomolewe kwa nusu saa (na kabla ya kuaga kumbuka kuirudisha, la sivyo utakumbukwa kwa maziwa yaliyoganda), na ikiwa mvua inakuja na nyumba ni ya mabati, ahirisha. Mwishoni rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa bado wamekaa. Kimya hicho utakihitaji wakati wa kuhariri ili kuziba mapengo, maana kila chumba kina kimya chake, na pengo tupu kabisa humshtua msikilizaji.

Unapotuma faili kwa WhatsApp, litume kama waraka. Ukilituma kama ujumbe wa sauti, litabanwa, na fundi mitambo wa kituo hatakuwa na la kufanya.

Swali: Wazee wa hapa Mji wa Kale wakiwa barazani huzungumza vizuri mno, lakini nikiwasha kinasa sauti hugeuka kuwa watoa hotuba, au hujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nifanyeje? (Msomaji wa Mombasa)

Jibu: Wazee wanafanya kile ambacho redio imewafundisha. Kwa miaka mingi wamesikia kwamba mtu akiwekewa maiki mbele yake hushukuru kwanza, kisha hutoa nasaha kwa vijana, kisha huishauri serikali. Ni kazi yako kuwaonyesha kwamba safari hii hakihitajiki kitu cha namna hiyo.

Siku ya kwanza usirekodi. Piga hodi, amkia, kaa, unywe kahawa, ueleze unachotafuta na kitakakotumika, uombe ruhusa, uondoke. Siku ya pili kiwashe kinasa sauti mapema, wakati bado mnaulizana hali, ili pasiwe na ule wakati wa kutisha ambapo kitufe kinabonyezwa na watu wote wanakaa wima. Mwambie mzee tangu mwanzo kwamba kimewashwa. Kumrekodi mtu kwa siri kisha kumwomba radhi si utaratibu wa makala.

Maswali yako yaulize vitu, si maoni. "Maisha ya bandarini yalikuwaje zamani?" ni swali linaloita hotuba. "Siku ya kwanza ulipokwenda Kilindini kutafuta kazi, ulivaa nini, na nani alikuwa mtu wa kwanza kusema nawe?" ni swali linalomrudisha mzee pale alipokuwa amesimama. Akishafika hapo mwache. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuuliza tena, kwani jambo lililo zito mara nyingi huja baada ya kimya, na mhojaji mwenye haraka hulikata lisitoke.

Lipo jambo moja linalotusumbua sisi zaidi kuliko watu wengi. Katika mazungumzo yetu msikilizaji mwenye adabu huitikia: naam, ehe, kumbe, haya, Mungu mkubwa. Anayekaa kimya huonekana amechoka au ana dharau. Lakini viitikio hivyo vikiangukia juu ya maneno ya mzee, kila sentensi yake itakuwa na sauti yako ndani, na hutaweza kuikata. Mweleze mapema: "Babu, nitakuwa naitikia kwa kichwa ili sauti yangu isiingie juu ya yako, usinione sina adabu." Kisha mtazame machoni na utikise kichwa kwelikweli. Wazee wengi hulielewa jambo hilo mara moja, na wengine hulifurahia.

Muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake, simamisha swali. Mlio huo ukiwa nusu chini ya neno hili na nusu chini ya neno lile utakunyima mahali pa kukata. Mzee akishamaliza, mfuate muuza kahawa huyo uombe urekodi vikombe vyake peke yake, akikaribia, akipita na akitokomea mtaani, maana sauti hiyo itakufaa kwa kuhamia mahali pengine ndani ya makala.

Tena, usizime upesi. Kwa desturi yetu mgeni husindikizwa, na hapo mlangoni au kwenye kona ya uchochoro ndipo mtu husema, "Unajua, lile jambo la kaka yangu sikukwambia lote." Muulize papo hapo kama anaridhia liingie. Akisema hapana, limeishia hapo.

Kuhusu tarehe, wazee hupanga miaka kwa matukio, nawe uchukue kama walivyosema, kisha ukalinganishe na magazeti ya zamani na nyaraka. Ikiwa mzee anasema jambo lilitokea kabla ya Uhuru na nyaraka zinaonyesha baada ya Desemba 1963, usimkate wala usimsahihishe kwa sauti ya mwalimu. Sema katika simulizi kwamba nyaraka zinaonyesha mwaka mwingine, uendelee. Kumbukumbu inayopishana na karatasi nayo ni habari.

Swali: Nataka kutengeneza makala kuhusu uvuvi na biashara ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani Kivu. Wavuvi na akina mama wauzaji huzungumza Kiswahili cha huku, chenye Kifaransa na lugha ya Mashi ndani yake. Rafiki zangu wananishauri nisome maneno yao upya kwa Kiswahili sanifu. Je, nifuate ushauri huo? (Msomaji wa Bukavu)

Jibu: Usiufuate. Mama anayepanga bei ya sambaza kwa Kiswahili cha Bukavu anasema Kiswahili, na msikilizaji wa Mwanza au Mombasa atamfuata baada ya sekunde chache ikiwa utamsaidia kabla, si baada. Katika sentensi inayomtangulia, ingiza kwa maana yake lile neno litakalomkwaza msikilizaji, kisha umwache aseme. Ukimsomea upya kwa sanifu utakuwa umemwondolea umri, kazi na mtaa wake, na umebakiza taarifa tupu. Hali ni hiyohiyo kwa Kipemba, Kimtang'ata au Kimakunduchi.

Anapohamia Mashi moja kwa moja, hapo tafsiri inahitajika. Acha asikike peke yake kwa sekunde nne au tano, ishushe sauti yake bila kuizima, uingize tafsiri ikisomwa na mwanamke wa makamo yake, kisha uipandishe sauti yake tena ili maneno yake ya mwisho yasikike wazi. Msomaji wa tafsiri asiigize kilio wala kicheko. Hisia tayari zimo katika sauti iliyo chini. Tafsiri yenyewe ihakikiwe na mtu wa pili anayejua lugha hiyo, ambaye hakuwapo siku ya mahojiano.

Nawe una hazina usiyoitaja katika barua yako: wavuvi wa sambaza hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, nao huimba wanapopiga makasia. Omba uende nao usiku mmoja, ukivaa jaketi la kuokolea na kinasa sauti kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wimbo huo uusikilize hadi ujue nani anaanzisha na wangapi wanaitikia, kwa sababu hapo utakuwa umeonyesha idadi ya watu, mpangilio wa kazi na giza la ziwa bila kuandika mstari hata mmoja.

Swali: Je, ni lazima makala iwe na msimulizi? Na muziki wa taarabu naweza kuutumia tu kwa kuwa ni wa kwetu? (Msomaji wa Unguja)

Jibu: Msimulizi si lazima. Mwaka 1958 BBC ilirusha kipindi kuhusu dereva wa treni John Axon, aliyefariki mwaka uliotangulia akijaribu kuizuia treni yake iliyoshindwa breki. Mtayarishaji Charles Parker pamoja na waimbaji Ewan MacColl na Peggy Seeger hawakumweka msimulizi, bali walitumia sauti za jamaa na wafanyakazi wenzake, zikiunganishwa na nyimbo zilizotungwa kwa ajili hiyo. Sisi tulio na utenzi tuna sababu zaidi ya kuijaribu njia hiyo. Malenga aliyekaa na mahojiano yako kwa wiki mbili anaweza kutunga beti kumi na mbili zinazobeba tarehe, majina na mabadiliko ya mahali, zikaghaniwa kati ya sauti za watu, na sioni kwa nini jambo hilo halifanyiki mara kwa mara. Hata hivyo, kwa makala ya kwanza nashauri msimulizi awepo, kwa maneno machache, kwani kuacha simulizi kunataka rekodi nyingi na bora kuliko ambazo anayeanza huwa nazo.

Kuhusu taarabu, kuwa ya kwetu hakuifanyi kuwa ya bure. Mtunzi, mwimbaji na aliyerekodi wote wana haki zao. Ulizia kwa taasisi za hakimiliki: Zanzibar kwa COSOZA, Tanzania Bara kwa COSOTA, na Kenya kwa KECOBO; tena uulize mahsusi kuhusu intaneti, kwa sababu ruhusa ya kituo ya kurusha nyimbo hewani haimaanishi kwamba makala yenye nyimbo hizo inaweza kuwekwa mtandaoni ikakaa huko daima. Njia nyepesi ni kumwomba mpiga udi au mpiga ganuni akupigie dakika kumi hivi za mitindo mbalimbali, kwa makubaliano ya maandishi na malipo.

Lakini kabla ya haki kuna swali la haja. Makala zinazohusu pwani hufunguliwa kwa taarabu kana kwamba hakuna mtu wa pwani anayeamka, anayevuta jarife au anayekaanga vitumbua bila fidla nyuma yake. Wimbo uingie pale ulipokuwapo: harusini, kwenye redio ya duka, mdomoni mwa mama anayesuka ukili. Ukiuweka chini ya maneno ya mtu anayeeleza msiba ili msikilizaji ahuzunike, unamwambia msikilizaji kwamba huyaamini maneno hayo.

Swali: Shirika moja limejitolea kulipia makala yangu kuhusu uhaba wa maji, kwa sharti kwamba mkurugenzi wake azungumze na kwamba wausikilize mswada kabla haujarushwa. Fedha nazihitaji. Nikubali? (Msomaji wa Dodoma)

Jibu: Fedha unaweza kuzikubali, masharti yale mawili usiyakubali yalivyo. Andikeni makubaliano yanayosema kwamba shirika linagharimia nauli, malazi na uhariri. Kwamba jina lake litatajwa mwanzoni na mwishoni ili msikilizaji ajue nani amelipa. Na kwamba maamuzi ya nani anasikika ni yako na ya mhariri wako. Kuwathibitishia ukweli wa takwimu zao kabla ya kurusha ni jambo la haki na la busara, ila kuwapa mswada mzima waupitishe ni kuwafanya wahariri. Mkurugenzi azungumze ikiwa ana jambo ambalo mwingine hawezi kulisema. Mara nyingi mtu anayelijua tatizo la kisima ni mlinzi wa pampu, na sauti yake ina faida ya kutokea penye pampu.

Jihadhari pia na watu watakaoletwa na shirika kuwa "wanufaika". Wamekwisha kuhojiwa na wageni wengi, na majibu yao yamelainika. Baada ya msafara kuondoka, rudi peke yako siku nyingine, ukae kwenye foleni ya ndoo uone nani anakuja saa kumi na moja alfajiri. Kumrudishia mtu nauli na muda wake wa kazi uliopotea ni sawa. Kununua ushahidi wake si sawa, kwa kuwa aliyelipwa kwa kusema hujitahidi kusema kinachostahili malipo.

Swali: Nina rekodi za saa tisa kuhusu wakulima wa mahindi wanaosubiri kuuza mavuno yao. Nimefungua kompyuta mara kadhaa na kuifunga bila kukata hata sekunde moja. Uhariri unaanza vipi? (Msomaji wa Eldoret)

Jibu: Unaanza mbali na kompyuta. Sikiliza saa zote tisa ukiwa na daftari, bila kusimamisha, ukiandika tu yale yaliyokufanya ucheke, ushangae au usikilize tena. Orodha hiyo ya kwanza ihifadhi, kwa sababu baada ya mwezi wa kuhariri utakuwa umezoea kila kitu na hutajua tena ni kipi kilicho kizuri. Sikio la kwanza ndilo linalofanana na la msikilizaji. Kisha nukuu mahojiano kwa maandishi pamoja na dakika na sekunde. Saa moja ya mazungumzo huchukua saa tatu au nne kunukuliwa, ni kazi ya kuchosha, na wanaoiruka huipata adhabu yake siku ya mwisho.

Chapisha manukuu hayo, uyakate kwa mkasi, uvipange vipande mezani. Watayarishaji wa enzi za utepe walikata sauti yenyewe kwa wembe, na kwa mwendo uliotumika sana sentimita 19 za utepe zilikuwa sekunde moja, hivyo waliweza kuishika pumzi ya mtu mkononi na kuamua ibaki au itoke. Sisi tunaweza kukata na kurudisha mara mia bila hasara, na nadhani ndiyo maana tunaamua kwa uvivu zaidi.

Anza na tukio, si na maelezo. Katika rekodi zako bila shaka lipo lori lililozima injini kwenye foleni, au mtu anayetumbukiza mkono katika gunia kupima unyevu wa mahindi. Mpeleke msikilizaji hapo, mwache ajiulize wanasubiri nini, ndipo msimulizi aingie kwa sentensi mbili. Takwimu za bei ziingie moja moja. Namba mbili katika sentensi moja zinasikika, ya tatu inazifuta zote. Katikati ya makala mtaje tena mhusika wako kwa jina na kazi yake, kwani wapo waliofungua redio dakika ile. Simulizi iandike mwisho, kwa sentensi fupi, na usimweleze msikilizaji jambo ambalo mkulima analisema mwenyewe sekunde tatu baadaye.

Kuna kipimo kimoja cha uaminifu ambacho hakina mjadala. Mtu akisema, "Ghala linatusaidia, lakini malipo yanachelewa," huna ruhusa ya kuishia kwenye koma, hata kama nafasi ni finyu. Unaweza kumwondoa kabisa, ila usimfanye aseme nusu ya alichokikusudia. Ukimaliza, isikilize makala kwenye redio ndogo jikoni, watu wakipika na maji yakichemka. Sauti nzuri uliyoiweka chini kabisa na kusikika vizuri kwenye hedifoni itakuwa imepotea, nawe utaipandisha.

Swali: Marehemu baba aliacha kaseti alizowarekodi wazee wa ukoo wetu miaka ya 1980, wakieleza maisha ya Unguja na kuhamia kwao huku Omani. Nataka kuzitumia katika makala. Nizishughulikie vipi? (Msomaji wa Muscat)

Jibu: Kabla ya kuzicheza, vunja vile vidude viwili vya plastiki vilivyo juu ya kila kaseti, ili bonyezo moja la bahati mbaya lisifute sauti ya mtu asiyeweza kuhojiwa tena. Tazama kama kile kipande kidogo cha sponji kinachobania utepe bado kipo; kikiwa kimedondoka, mpe fundi auhamishie utepe kwenye ganda jingine. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, upeleke utepe hadi mwisho na kuurudisha mara moja ili ulegee, kisha uunganishe mashine na kompyuta kwa waya na kurekodi kwa WAV, upande mmoja baada ya mwingine, bila kuharakisha. Usiruhusu programu iondoe mikwaruzo yote. Ikiondolewa kwa nguvu huondoka na irabu za wazee, na mkwaruzo kidogo humweleza msikilizaji wako kwamba anasikia kaseti.

Andika katika jina la kila faili nani anazungumza, wapi, na mwaka ikiwa unajulikana, pamoja na aliyekuwa akiuliza maswali. Waliomo ndani ambao bado wako hai waombe ruhusa wao wenyewe, na kwa waliotangulia mbele ya haki wasikilizishe watoto wao kwanza, hasa ukizingatia kwamba baadhi ya familia zina habari za Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 ambazo zilisemwa chumbani kwa kumwamini baba yako na hazikukusudiwa kutoka hewani. Yatakayokataliwa yabaki nyumbani. Yatakayokubaliwa yatengenezee nakala tatu katika vifaa tofauti, na moja kati ya hizo iwekwe katika nyumba nyingine.